Nikipigania haki za wazee wote, mama yangu atabaki salama?

Shangazi, shikamoo.

Naomba usilitaje jina langu. Mama yangu ana miaka 81 na anaishi kwenye makao ya wazee tangu kiharusi kilipomlegeza upande wa kulia. Akili yake ni timamu, ila maneno humtoka polepole. Hawezi kujigeuza kitandani bila msaada. Kaka yangu ndiye aliyetia saini mkataba na ndiye anayelipa sehemu kubwa ya gharama. Mimi ndiye ninayekwenda kumwona.

Mwezi uliopita nilikuwa namsaidia mhudumu kumbadilisha mama nguo, nikaona kidonda juu kidogo ya kifandugu. Ngozi ilikuwa imefunguka, upana kama sentimita 3. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Muuguzi alisema kimeanza juzi, na kwamba mama hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Nikaitazama karatasi ya kugeuza iliyobandikwa mlangoni. Ilikuwa imejazwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, mistari yote, hadi saa kumi jioni. Wakati huo ilikuwa saa nane mchana.

Tangu siku hiyo naona mambo ambayo sikuwa nikiyaona. Jagi la maji la mama huwekwa upande wa kulia, ule ambao mkono wake haufanyi kazi. Bibi wa chumba cha pili, ambaye ana ugonjwa wa kusahau, siku hizi analala karibu mchana kutwa tangu aanze kupewa kidonge kipya jioni, na watoto wake wanasema hawakuulizwa. Nepi ni tatu kwa siku kwa kila mzee, hata aliyeharisha.

Nimezungumza na familia nyingine na sasa tuko sita, tuna kundi letu la simu. Hatutaki wazazi wetu tu ndio wahudumiwe vizuri. Tunataka makao yote yabadilike: idadi ya wahudumu iongezwe, wazee wote wageuzwe kila saa mbili, na familia ziambiwe mapema kunapotokea jambo. Wawili kati yetu wanasema tupeleke habari magazetini, na kwamba picha ya kidonda cha mama ndiyo ushahidi mkubwa kuliko yote. Picha ninayo. Sijampa mtu.

Kuna mhudumu mmoja wa usiku ambaye mama anampenda sana. Alinitumia kwa siri picha ya ratiba ya zamu. Asubuhi ni wahudumu watano, mchana wanne, usiku wawili, kila zamu ikidumu saa nane. Wazee ni 34, na anasema 12 kati yao hawawezi kujigeuza. Ameniomba nisimtaje kwa sababu kazi hiyo ndiyo inayowalea watoto wake.

Wiki iliyopita meneja aliniita ofisini. Hakufoka. Alisema amesikia kuna vikao, akanikumbusha kwamba familia isiyoridhika, mkataba unaruhusu notisi ya siku 30. Kisha akaniambia kuna chumba kizuri kimepatikana karibu na meza ya wauguzi, mama anaweza kuhamia humo.

Kaka anasema nikubali chumba hicho ninyamaze, au tumhamishe mama kabisa. Mama naye ameniambia, "Usinigombanishe na watu wanaonilisha."

Nikinyamaza naona nawasaliti wale wazee wengine, hasa wasiotembelewa na mtu. Nikisema, naogopa zamu ya usiku. Wale wahudumu hawajali, Shangazi, na mimi siwezi kuwa pale saa nane za usiku. Nifanyeje?

Binti Mwenye Hofu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo huu, na mfikishie mama pole yangu.

Nikiisoma barua yako naona mambo matatu yamefungwa fundo moja: kidonda cha mama, hofu yako ya kisasi, na kampeni ambayo ninyi familia sita mnataka kuianzisha. Yakikaa pamoja kila moja linalizuia lenzake. Unasita kudai kidonda kitibiwe sawasawa kwa kuogopa kuonekana mchochezi, na unasita kwenye kampeni kwa sababu ya kidonda. Hebu tuyafungue, tuanze na lile lisiloweza kusubiri.

Kidonda cha kulalia kilichofungua ngozi kimeshapita hatua ya kwanza, ambayo ni wekundu usiofifia ukiubonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi, hivyo hutafutwa kwa kugusa: mahali huwa pa moto au pa baridi kuliko pembeni, pagumu au palipolegea, na mgonjwa hushtuka. Muuguzi anaweza kuwa anasema kweli kwamba ngozi ilifunguka juzi. Lakini kuumia kulianza chini kabla ya hapo, na hapo ndipo mtu alipaswa kukagua. Mwombe akuandikie kidonda kiko hatua ya ngapi kati ya nne, urefu, upana na kina chake kwa sentimita, na nani atakipima kila wiki, siku gani. Kidonda kisichopimwa kitasemwa "kinaendelea vizuri" hadi siku kinapofika mfupani.

Kisha uliza jinsi anavyolazwa. Alazwe ubavu kwa mwinamo wa kama digrii 30 tu, mto ukimshikilia mgongoni, asilale moja kwa moja juu ya mfupa wa nyonga kwa sababu hapo patafunguka kidonda cha pili. Kichwa cha kitanda kisizidi digrii 30 isipokuwa wakati wa kula na muda mfupi baadaye, maana kikiinuliwa zaidi mwili huteleza kuelekea miguuni huku ngozi ya kifandugu imebaki imeng'ang'ania shuka, na msuguano huo huchana ndani kwa ndani. Mto wa miguuni uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino vibaki hewani. Mpira wa duara wenye tundu katikati usikubali, hata ukiletwa kwa nia njema: unabana damu kuzunguka kidonda. Na asikandwe mahali palipobadilika rangi. Uliza pia uzito wake. Mzee anayepoteza asilimia 5 ya uzito kwa mwezi, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, hana akiba ya kujenga nyama mpya, na kidonda hakitafunga hata afungwe bandeji gani. Jagi lihamie kushoto leo hii, na pawe na mtu anayeandika amekunywa kiasi gani. Pakitokea homa, usaha, harufu, ngozi inayozidi kuwaka pembeni, au mama akaanza kuchanganyikiwa, ni daktari siku hiyo hiyo.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuitwa uchochezi. Ni maswali ya mgonjwa na familia yake kuhusu matibabu, na unaweza kuyauliza kwa sauti ya chini kabisa.

Ile karatasi iliyojazwa hadi saa kumi wakati ni saa nane ni jambo zito. Andika kwenye daftari lako tarehe, saa uliyoiona, na mistari iliyokuwa imejazwa. Omba nakala yake kwa maandishi, kama kumbukumbu za matibabu ya mama, usiibandue mlangoni. Ila naomba uitazame tena karatasi hiyo kabla hujasema wahudumu hawajali.

Chukua hesabu uliyonipa wewe mwenyewe. Usiku wako wawili. Wazee wasioweza kujigeuza ni 12. Kumgeuza mtu mzima aliyelegea upande mmoja kunahitaji watu wawili, na ukijumlisha kumkagua ngozi, kumbadilisha nepi, kumpanga mito na kunawa mikono, ni dakika kama 10. Mara 12, ni dakika 120. Saa mbili kamili zimekwisha, na sasa wanatakiwa waanze upya kwa yule wa kwanza. Hapo kengele haijalia hata moja, kati ya wale 22 waliobaki hakuna aliyetaka kwenda msalani, hakuna aliyeanguka, na hakuna mhudumu aliyekaa chini. Kwa idadi hiyo kazi iliyoandikwa kwenye karatasi haifanyiki, awe nani zamu. Ndiyo maana kalamu inatangulia saa. Kujaza uongo kunabaki kuwa kosa, na ni kosa la hatari, kwa kuwa kunamficha mama nyuma ya karatasi safi. Lakini ukidhani tatizo ni mioyo migumu utadai mhudumu fulani afukuzwe, atafukuzwa, na usiku utabaki na mmoja.

Shirika la Afya Duniani limewahi kukusanya tafiti za watumishi wa makao ya wazee wenyewe, na wawili kati ya watatu walikiri kuwa katika mwaka uliotangulia kuulizwa walimtendea mzee vibaya kwa namna moja au nyingine. Kiwango hicho hakielezwi na watu wachache wabaya.

Fanya hesabu ya pili, hii ni ya kampeni. Watano wa asubuhi, wanne wa mchana na wawili wa usiku ni zamu 11 za saa nane, jumla saa 88, yaani dakika 5,280. Gawanya kwa wazee 34 unapata dakika 155 kwa kila mzee kwa siku, ukihesabu hata muda wa kupokezana zamu na wa wahudumu kula. Australia, ambako tangu Oktoba 2023 idadi hii inadaiwa kisheria, kiwango kilianza kwa wastani wa dakika 200, na tangu Oktoba 2024 ni 215, ambazo 44 kati yake lazima zitoke kwa muuguzi aliyesajiliwa. Kwa wazee 34 hizo ni saa karibu 122, yaani zamu 15. Pengo lenu ni zamu nne kwa siku. Sisemi mdai kiwango cha nchi nyingine. Nasema sasa mnajua ukubwa wa mnachokiomba, na mnajua kwamba meneja hana uwezo wa kukitoa. Mwenye uwezo huo ni mmiliki au bodi, na kama mnamwandikia meneja peke yake mnambana mtu asiye na funguo. Anza hata na dai dogo zaidi: mtu wa tatu usiku. Wawili wakigeuza, mmoja anajibu kengele.

Kwenye hesabu hizo msimweke mpishi, mfuaji wala meneja. Wanahesabiwa wanaomgusa mzee. Baadhi ya makao hupandisha idadi yao kwa njia hiyo.

Kuna dai lenu moja ningependa mlifikirie upya: wazee wote wageuzwe kila saa mbili. Utafiti uliofanywa kwenye makao ya wazee ya Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2013 uliwalinganisha wakazi waliogeuzwa kila baada ya saa mbili, tatu na nne. Walikuwa hawana kidonda, na walilala kwenye magodoro ya sponji nzito. Tofauti ya vidonda haikuonekana. Kwa hiyo kwa baadhi ya wale 12, godoro sahihi na ratiba ya saa tatu au nne inaweza kuwalinda vilevile, ikawaachia usingizi, na ikawapunguzia wahudumu raundi wanazozidanganya. Kwa mama yako, ambaye tayari ana kidonda, hilo halihusu. Dai linalosimama mbele ya mtaalamu ni kwamba kila mkazi apimwe hatari yake, apewe godoro linalomfaa na ratiba yake mwenyewe, na ratiba hiyo ifuatwe kweli.

Sasa hofu yako. Siwezi kukuambia haina msingi. Kisasi kipo, na mara nyingi hakiji kwa kofi. Kinakuja kwa kengele inayojibiwa mwisho, kwa salamu iliyopoa, au kwa maneno ya meneja kuhusu siku 30. Lakini uliza pia swali la upande wa pili: kidonda kilipotokea, ulikuwa umelalamika? Hukuwa umelalamika bado. Unapima hatari mbili, na ile ya kukaa kimya umeshaiona kwa macho.

Ipo namna ya kupunguza hatari ya kusema. Saa za kwenda kumwona zisizoeleke: leo asubuhi, kesho kutwa wakati wa chakula cha jioni, siku nyingine usiku kama mlango unaruhusu. Familia sita mkipangiana, kila mmoja akimchungulia na mzazi wa mwenzake, makao yanakuwa na macho karibu kila siku bila mtu mmoja kuchoka. Malalamiko yawe kwa maandishi na yenye tarehe, kwa sababu kisasi kinachokuja siku chache baada ya barua kinaonekana wazi ni kisasi. Barua za pamoja zisainiwe na wote, na msemaji abadilike. Taja jambo, usitaje mhudumu. Na pale ambapo kazi imefanyika vizuri, iandike nayo. Mhudumu anayejua kwamba barua yako ilimtetea apate mwenzake wa tatu hana sababu ya kukuchukia. Kipengele cha notisi kisome wewe mwenyewe na kaka yako, neno kwa neno. Je, wanaweza kumtoa mkazi bila sababu? Je, kuna mahali pa kukata rufaa? Mkataba mmoja ukisomwa na wakili una thamani kuliko usiku mwingi wa kubahatisha.

Nije kwa mama. Umemweka kwenye barua yako mwishoni kabisa, kati ya kaka na hofu yako, na yeye ndiye mwenye mwili. Umesema akili yake ni timamu. "Usinigombanishe" inaweza kuwa na maana ya "acha kabisa," na inaweza kuwa na maana ya "usipige kelele mbele yao," au "nakuogopea wewe." Mpe muda, maneno yanamtoka polepole na watu wana haraka ya kumalizia sentensi zake. Mgawie swali vipande: Nikiuliza muuguzi kuhusu kidonda, ni sawa? Nikisaini barua na wenzangu, ni sawa? Picha nani aione: daktari, mkaguzi, mwandishi, au asiione mtu? Anaweza kukubali viwili na kukataa cha tatu, na kesho akabadili. Akikataa picha hajakataa kugeuzwa.

Juu ya picha yenyewe, mwanangu, ulivyoizuia mpaka sasa ni heshima kwake. Picha ya makalio ya mama yako ikishaingia kwenye kundi la simu haina mwenyewe tena. Kwa daktari na mkaguzi ina kazi kubwa, hasa ikiwa na tarehe na rula pembeni ya kidonda. Kwa gazeti inaleta mshtuko wa siku mbili, kisha wakili wa makao atauliza ridhaa iko wapi. Hesabu ya dakika 155 haimvui mtu nguo.

Yule mhudumu wa usiku yuko hatarini kuliko nyote. Picha aliyokutumia inaweza kumtaja bila jina lake: pembe ya ukuta, siku ilipopigwa, ratiba ambayo ni wachache walioiona. Usiitume kwa kundi, hata kwa wale unaowaamini. Namba zile zile mnaweza kuzipata kwa njia isiyomgusa. Kila familia inapokwenda ihesabu wahudumu walio sakafuni, iandike saa na tarehe. Baada ya wiki tatu au nne mtakuwa na jedwali lenu ambalo hakuna anayeweza kufukuzwa kwa ajili yake. Au ombeni rasmi. Marekani makao yanayolipwa na bima za serikali hulazimika kubandika kila siku, mahali pa wazi, idadi ya wauguzi na wahudumu wa kila zamu. Hilo ni dai lisilo na gharama, na makao yanayolikataa yanajieleza. Na kabla ya hatua yoyote ya wazi, mjulishe ili isimkute ghafla.

Chumba alichokutajia meneja: sioni ubaya wa mama kulala karibu na wauguzi, na pengine ni bora kwake. Swali ni kama kinatolewa kwa sababu ya kidonda au kwa sababu ya vikao. Unaweza kumwandikia meneja ukimshukuru, ukasema mnakipokea kama sehemu ya mpango wa kutibu kidonda, na ukarudia kwenye barua hiyo hiyo maswali yako ya vipimo na ratiba. Hapo utakuwa umepokea chumba bila kuuza sauti. Jibu lake litakuonyesha alikuwa anatoa nini.

Kumhamisha nako kuna pande zake. Mzee aliyepata kiharusi akihamishwa hupoteza sura anazozijua, na yule mhudumu anayempenda hataenda naye. Kidonda kinaweza kusahaulika katikati ya safari za makaratasi. Na makao mapya huenda yana wawili usiku vilevile. Mkifikia huko, nendeni kuyaangalia jioni ya mwisho wa wiki, siyo asubuhi ya siku ya kazi mliyoalikwa. Ulizeni sasa hivi wana wakazi wangapi wenye vidonda vya kulalia na vingapi vilianzia humo. Msikilize kengele inalia muda gani kabla ya kujibiwa. Kaka yako anayelipa ana haki ya kuogopa kesi, na huenda hajaiona hesabu, amesikia hasira tu. Mwonyeshe daftari.

Kuhusu yule bibi wa chumba cha pili, hilo ni la watoto wake, ila wapeni maswali ya kuuliza: dawa inaitwaje, kipimo gani, kwa sababu gani, nani aliridhia, itapitiwa lini. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba aina fulani za dawa za magonjwa ya akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Kama kidonge chake ni cha kundi hilo au la, ni daktari wa kusema. Kulala mchana kutwa baada ya kidonge kipya kunatosha kuuliza.

Kampeni yenyewe ina njia zaidi ya moja. Mnaweza kuanzia ndani: barua moja, ukurasa mmoja, madai matatu yanayopimika, nakala kwa mmiliki, na siku 14 za kujibu. Mnaweza kuunda baraza la familia lenye mihtasari ya vikao na wazee wenyewe ndani yake, maana ninyi mnaondoka jioni na wao wanabaki. Mnaweza kwenda kwa mamlaka inayosimamia makao. Huko tenganisheni kabisa mlichokiona na mlichosikia, kila tukio na tarehe, saa, nani aliambiwa, alijibu nini, na mdai namba ya malalamiko. Lalamiko lisilo na jina linamlinda mlalamikaji lakini mkaguzi hana wa kumrudia kuuliza. Na wakaguzi wengine husoma karatasi tu. Mwombeni aje bila taarifa, usiku, na alinganishe karatasi za kugeuza na saa ya ukutani.

Magazeti yana nguvu, na yana hatari zake: kesi ya kashfa kwa neno moja lisilothibitika, au makao kufungwa kwa kishindo na wazee 34 kutawanywa mahali ambako familia haziwezi kufika. Baadhi ya familia zenu zimechoka kungoja, nalielewa hilo. Wakubaliane tu kwamba hakuna anayempeleka mzazi wa mwenzake gazetini.

Itachukua muda gani? Kituo cha Oakden, Australia Kusini, kilikuwa kimepita ukaguzi wa serikali wakati familia ya mgonjwa mmoja ilipolalamika mwaka 2016 kuhusu michubuko na dawa kupita kiasi. Uchunguzi wa mwaka 2017 ulianika yaliyokuwa yakiendelea, kituo kikafungwa, mwaka 2018 serikali ikaunda tume ya kifalme, yaani tume ya juu ya uchunguzi, kwa nchi nzima, ripoti ya mwisho ikatoka 2021, na zile dakika 200 zikaanza kudaiwa 2023. Miaka saba. Marekani kiwango chao cha saa 3.48 za huduma kwa kila mkazi kwa siku kilipitishwa 2024, na mahakama ya shirikisho huko Texas ikakitangua 2025 kabla hakijaanza kudaiwa. Nakuambia haya ili ujue kwamba unaweza kutoka kwenye kampeni mwezi ambao mama anakuhitaji na kurudi mwezi mwingine. Mko sita. Mnaweza hata kukubaliana kwamba wewe ufanye hesabu na wengine wasaini, kwa kuwa mama yako ndiye mwenye kidonda sasa.

Ukiniuliza uanzie wapi wiki hii, ni kwa muuguzi wa zamu, na rula mkononi: kidonda kina sentimita ngapi leo? Niandikie tena ukishapata namba hiyo, na uniambie mama amejibu nini kuhusu picha.